Mto Lufira: wafundi wa shaba, chumvi ya Mwashya na nyama wa pori waliobaki

Watu wengi wa Lubumbashi wanautumia mto Lufira bila hata kuuona. Samaki wa Tshangalele wanaouzwa sokoni wametoka mle. Makala inayopika bukari jioni, sehemu yake inashuka kutoka mapori ya upande ule. Na ile misalaba mitatu ya shaba iliyokuwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960, historia yake inapita kwenye bonde hilo hilo. Pamoja na hayo, ukimuuliza kijana wa mjini Lufira iko wapi, mara nyingi atakujibu: «Kule, pande za Likasi.»

Hajakosea sana. Lufira inaanzia kusini ya Haut-Katanga, karibu na mpaka wa Zambia. Inapanda kaskazini, inapita mashariki ya Likasi, inaanguka ku Mwadingusha na ku Koni, kisha inaingia kwenye bonde pana. Upande wa mashariki kuna uwanda wa juu wa Kundelungu, upande wa magharibi kuna milima ya Mitumba na Kibara. Mwisho inamwaga maji yake ndani ya Lualaba, kwenye maziwa na mabwawa ya Upemba. Basanga, Balamba, Balomotwa, Bazela na Bayeke, wote wana vijiji kwenye bonde hilo au kando yake.

Jambo moja linashangaza wengi: maji ya Lubumbashi yenyewe hayaendi Lufira. Kijito cha Lubumbashi kinaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inazunguka mpaka ziwa Mweru, na kutoka pale Luvua inapeleka maji ku Ankoro, kwenye Lualaba. Basi mvua ya Lubumbashi na mvua ya Likasi, miji inayoachana kwa kilometa kama 120 tu, zinakutana mbali sana, kule Ankoro.

Misalaba ndani ya makaburi

Kwenye ziwa Kisale, chini ya mahali Lufira inapoishia, kuna kijiji kinaitwa Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua makaburi ya zamani pale, na kazi iliendelea miaka ya 1970 na mtaalamu Mbelgiji Pierre de Maret. Ndani ya makaburi walikuta vyungu vilivyofinyangwa vizuri sana, vitu vya chuma, mapambo ya shaba. Makaburi mengine yana miaka zaidi ya 1,000. Kwa hiyo, mbele ya mzungu yeyote kufika, kulikuwa na watu wengi kandokando ya maziwa hayo, wavuvi na wafua vyuma, wenye wakubwa wao.

Na kulikuwa misalaba. Misalaba ya shaba, ile Wafaransa na Wabelgiji wanaita «croisettes». Haina uhusiano na msalaba wa kanisa. Umbo lake ni kama herufi ya X au H. Kwanza ilikuwa mikubwa na michache, inawekwa kwenye kifua cha maiti wa maana. Karne zilivyopita ikawa midogo, mingi, inayofanana kwa kipimo, na inawekwa karibu na mikono au kiunoni. Wachimbuzi walisoma hapo kwamba msalaba ulianza kama mali ya wakubwa, kisha ukageuka kuwa franga: kitu cha kununulia na kulipia, mtu anakiweka karibu na mkono wake hata kaburini.

Sasa, Kisale haina shaba. Shaba ilitoka kusini, kwenye vilima kati ya Kolwezi na Lubumbashi, siku nyingi za mwendo kutoka maziwa. Vilima hivyo vilijulikana kwa macho. Mahali shaba iko karibu na udongo wa juu, miti mikubwa haioti. Kilima kinabaki na upara katikati ya pori. Juu yake kunaota majani mafupi na maua ambayo hayaonekani pengine, kama lile ua la buluu wataalamu wanaita Haumaniastrum katangense. Wazee waliosoma kilima kwa maua walikuwa wanajua kazi yao. Wajiolojia wa Union Minière nao baadaye walifuata alama hizo hizo.

Wala shaba

Kazi ya kuyeyusha ilikuwa ya kiangazi. Mvua ikikatika na mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, fundi mkubwa anaita watu wake, na kijiji kinahamia karibu na kilima na maji. Wanawake na watoto wanaokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu ya udongo au ndani ya mashimo mafupi, kisha wanalisafisha. Wanaume wanachimba, wanakata miti migumu na kuchoma makala. Tanuru linajengwa kwa udongo wa kichuguu, juu udongo ule unavumilia moto. Mivuo ni ya ngozi ya nyama wa pori, na upepo unaingia kwa mirija ya udongo.

Tanuru linapangwa makala na malakiti, moto unawashwa, na watu wa mivuo wanapokezana. Kinachotoka kwanza ni shaba chafu. Inayeyushwa tena, kisha inamwagwa kwenye umbo la msalaba lililochimbwa ardhini. Misalaba mingi iliyobaki ina urefu wa kama sentimeta 20 na uzito wa karibu kilo moja.

Si kila mtu aliruhusiwa. Ufundi ulikuwa na siri zake, dawa zake, mambo ya kujizuia, na mtu aliingia kwa kufundishwa na kulipa. Walioingia waliitwa «wala shaba», yaani watu ambao shaba ndiyo inawalisha. Jina hilo lilijulikana ng'ambo mwaka 1926, wakati Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, mkubwa wa misioni ya Wabenedikto wa Katanga, alipoandika habari zao kwa Kifaransa. Wakati ule kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kusimama, lakini wazee walioifanya walikuwa bado hai na waliweza kuonyesha kila hatua. Bila wazee hao, leo tungekuwa na misalaba tu, bila kujua ilitengenezwa namna gani. Ni bahati, lakini ni bahati ya uchungu kidogo: maneno ya mafundi weusi yalifika kwetu kwa kalamu ya askofu mzungu, na mengi ya siri yao labda hawakumwambia.

Bunkeya na chumvi

Kati ya karne ya 19, kundi la Wasumbwa kutoka magharibi ya Tabora, Tanzania ya leo, lilifuata njia ya shaba mpaka Katanga. Mkubwa wao alikuwa Msiri, mtoto wa Kalasa. Watu wake waliitwa Bayeke. Msiri alijenga makao yake ku Bunkeya, kwenye tambarare upande wa magharibi wa Lufira, na kutoka pale alitawala shaba, chumvi, pembe za tembo na, lazima kusema, biashara ya watu. Misafara ilitoka Bunkeya kwenda Angola upande mmoja na kwenye pwani ya Wahindi na Waarabu upande mwingine. Kiswahili kilipita njia hiyo mapema, mbele ya mji wa Lubumbashi kuzaliwa.

Bayeke walileta ufundi mpya: kuvuta waya. Kipande cha shaba kinapigwa nyundo mpaka kinakuwa chembamba, kisha kinavutwa kwa nguvu ndani ya tundu la chuma, halafu tundu dogo zaidi, halafu lingine. Waya mwembamba ulizungushwa kwenye nyuzi au manyoya ukawa bangili. Bangili hizo zilivaliwa kwa miguu na mikono, nyingi kwa mara moja, na zilifika mbali kuliko misalaba.

Chumvi ilikuwa biashara ya pili, na watu wengi wameisahau. Ku Mwashya, karibu na Lufira, ardhi ina chumvi. Wakati wa kiangazi maji yakishuka, udongo unabaki na unga mweupe. Wanawake waliukwangua, wakauweka kwenye kichujio kilichosukwa kwa majani, wakapitisha maji, kisha wakachemsha yale maji mpaka chumvi ikabaki chini ya chungu. Chumvi hiyo ilitembea mbali, maana pande nyingi za ndani ya bara hazikuwa nayo. Jina la Mwashya halikupotea kabisa: wajiolojia walilitumia kutaja tabaka moja la mawe ya Katanga, sawa na vile walivyotumia Nguba na Kundelungu. Mwanafunzi wa jiolojia wa nchi yoyote akisoma juu ya shaba ya Afrika ya kati, atayakuta majina hayo matatu.

Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya mfalme Léopold II, alimpiga Msiri risasi. Bodson naye aliuawa pale pale. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na mpaka leo mahali kilipofikia ni mabishano. Mtoto wake Mukanda Bantu alihamisha watu kwenda kwenye Lufira, karibu na kituo cha wazungu cha Lofoi, mbele ya Bayeke kurudi Bunkeya. Leo Bunkeya iko katika jimbo la Lualaba, teritwari ya Lubudi, na kila mwaka tarehe 20 Desemba Bayeke wa kila upande wanarudi kumkumbuka mfalme wao. Mwenye kutaka kuona ngoma, mavazi na heshima za Kiyeke, siku ni hiyo.

Kutoka tanuru mpaka duka la zawadi

Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Jiwe lake lilitoka mgodi wa Étoile, mahali wenyeji waliita Kalukuluku na walikuwa wameisha kuchimba zamani. Tangu hapo fundi wa kijiji hakuwa na nafasi. Watoto wake waliandikwa kazi kwenye kampuni.

Msalaba wenyewe haukufa, lakini ulibadilika kazi. Mwaka 1961 serikali ya Katanga iliyojitenga ilitoa sarafu zenye msalaba upande mmoja na ndizi upande mwingine. Leo msalaba uko kwenye nembo, kwenye mashati, kwenye ukuta wa ofisi. Yenyewe ya kale inaonekana kwenye Musée National de Lubumbashi, na watoto wa shule wanaopelekwa pale wanaweza kuona kwamba alama ya bendera ilikuwa kwanza pesa.

Mafundi wa leo wanafanya kazi mbili hasa. Wa kwanza wanapiga shaba nyundo: karatasi ya shaba inapashwa moto, inachorwa, inapigwa kutoka nyuma mpaka picha inavimba. Mwanamke anayetwanga, tembo, ramani ya Kongo. Wa pili wanachonga malakiti. Jiwe linakatwa kwa gurudumu lenye maji, linasuguliwa kwa karatasi ya msasa kutoka ngumu mpaka laini, kisha linang'arishwa kwa nta. Linatoka yai, kisahani cha majivu ya sigara, mkufu, mchezo wa sataranji. Uzuri wa malakiti ni ile mistari ya kijani kali na kijani hafifu, na fundi mzuri anageuza jiwe mara nyingi mbele ya kulikata ili mistari izunguke vizuri.

Kazi hii ina hatari ambayo mnunuzi hajui. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba. Likiingia kifuani ni sumu. Maji kwenye gurudumu si ya kupoza jiwe peke yake, yanazuia vumbi pia, na fundi asiyetumia maji wala kitambaa puani anajiuza mwenyewe. Tena jiwe zuri ni shida kulipata, sababu mchimbaji anauza kwa uzito, si kwa uzuri. Malakiti yenye mistari ya kupendeza inaingia kwenye lori moja na mawe mengine, inakwenda kuyeyushwa.

Ziwa lililotengenezwa na ndege aliyefichwa humo

Mwaka 1930 kituo cha umeme cha Mwadingusha, wakati ule kikiitwa Francqui, kilianza kazi kwa ajili ya viwanda vya Union Minière. Ukuta wa baraji ulizuia Lufira na maji yakafunika tambarare nzima. Ndiyo ziwa Tshangalele. Ni ziwa la kina kifupi, lina matete mengi na visiwa vya majani, na wavuvi walihamia kutoka pande nyingi. Tilapia, kambale, makobo: wanavuliwa kwa nyavu na kwa mitego iliyosukwa, kwenye mabwato ya mti mmoja uliochimbwa. Mitambo ya Mwadingusha ilichakaa, ikatengenezwa upya kwa pesa za mgodi wa Kamoa-Kakula, ikarudi kazini mwaka 2021 na megawati 78. Umeme wa Lufira bado ni wa shaba kwanza, sawa na mwaka 1930.

Na shaba inalirudishia ziwa uchafu. Maji ya viwanda vya Likasi yanapita kwenye vijito kama Panda na Buluo mpaka Lufira, na Lufira inayaweka Tshangalele. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti iliyokutwa ilikuwa nyingi sana. Uchunguzi uliofuata uliangalia pia chakula cha watu wa pande za ziwa. Mvuvi hana namna ya kuona kobalti kwenye samaki. Harufu hakuna, rangi hakuna.

Ndani ya matete hayo anakaa ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, wa jamii ya kwera, wale wanaosuka viota vya kuning'inia. Mwaka 1960 mtaalamu Ruwet alimkamata mmoja pale ziwani. Yule mmoja alikaa kwenye mkusanyiko miaka zaidi ya 20, mpaka 1982 wakubwa wa elimu ya ndege walipokubali kwamba ni aina yake peke yake na kumpa jina Ploceus ruweti. Kisha kimya. Hakuna mtaalamu aliyemwona tena mpaka Februari 2009, Michel Louette na Michel Hasson walipomkuta Tshangalele, akisuka viota juu ya maji kama kawaida. Kwa wavuvi, bila shaka, hakuwa amepotea hata siku moja.

Nyama wa pori

Upande wa mashariki wa bonde ni Parki ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970, na upande wa magharibi ni Parki ya Upemba, ya mwaka 1939. Kwenye uwanda wa juu wa Lusinga, makao makuu ya Upemba, wanakula majani pundamilia wa mwisho wa Kongo nzima wanaoishi porini. Ni kundi dogo. Tembo wa Upemba nao ni wachache, na wamejifunza kujificha kwa watu. Kundelungu ilipoteza karibu nyama wake wote wakubwa kwa bunduki na mitego. Duma aliyejulikana pale zamani hayupo.

Aliye katika hatari kubwa kuliko wote ni swala wa maji, lechwe wa Upemba, anayekaa kwenye majani yaliyofunikwa na maji chini ya bonde. Wataalamu walimtenga kama aina yake mwaka 2005 tu. Mwaka 2023 walipohesabu kutoka ndegeni walimwona mara 10, na walikadiria kwamba wote waliobaki hawafiki 100. Walinzi wa Upemba wameuawa kazini mara nyingi katika miaka ya Mai-Mai na baadaye. Rodrigue Katembo, aliyepewa tuzo ya Goldman mwaka 2017 kwa kazi aliyofanya Virunga, alitumwa kuongoza Upemba.

Kwenye karatasi bonde linalindwa vizuri. UNESCO iliandika bonde la Lufira kuwa hifadhi ya viumbe mwaka 1982, na mwaka 2017 maji yake yaliingia kwenye orodha ya Ramsar. Lakini pori la miombo linakatwa kila siku juu ya makala ya Lubumbashi na Likasi. Miti ile ile iliyolisha matanuru ya wala shaba sasa inalisha mbabula. Tofauti ni kwamba fundi alikata kiangazi kimoja, akahama. Leo lori na baiskeli hazina msimu. Mahali miti imekwisha, bowa na bilulu zinakwisha pia, na mama anayeziuza anapanda mbali zaidi kila mwaka.

Mwenye kutaka kuona bonde kwa macho aanzie Lofoi. Mto Lofoi unaanguka kutoka ukingo wa Kundelungu kama mita 340 kwa mara moja, mbele ya kuingia Lufira, na ni kati ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika. Shida ni wakati. Mvua ikinyesha maji ni mengi lakini njia inakuwa matope, gari inalala. Kiangazi njia inapitika, na maji yanabaki uzi. Wanaoizoea wanapendelea mwisho wa mvua, Aprili na Mei, na wanaomba ruhusa kwa walinzi wa parki mbele ya kushuka.